Gari Lililolala Chanika

Wapenzi wa magari waliokutana kila Jumapili alasiri katika sehemu moja ya kuoshea magari, Mbezi Beach, walikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani. Mtu hakununua gari la mwenzake kabla halijalala kwake. Gari lilipelekwa nyumbani kwa mnunuzi, likalala usiku mmoja ndani ya uzio wake, na siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, mwenye gari alikwenda kulifuata. Mnunuzi aliyelipenda alibaki na ufunguo na kutoa mkono wa makubaliano. Asiyelipenda alirudisha ufunguo na kusema, "Limelala salama." Mwenye gari hakuuliza sababu, na urafiki haukupungua.

"Barabara inakuonyesha injini tu," Farhan alizoea kuwaeleza wageni wa kundi. "Nyumbani ndiko utakakojua kama geti linatosha, kama jirani ananuna, kama mama watoto anacheka."

Farhan alikuwa muuza vipuri, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Mwaka huo aliamua kuuza gari lake jeusi la Kijerumani, lenye milango minne, injini ya silinda sita, viti vya ngozi na paa la kioo. Wakati huohuo Kokuberwa, wakili aliyeishi Mbweni, alikuwa ameagiza gari jingine kutoka nje, na kwa sababu hiyo alitaka kuliuza lile alilokuwa nalo. Lake lilikuwa la Kijapani, rangi ya buluu, lenye milango miwili, turbo, na gia sita za mkono. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye ni Leonardi.

Leonardi alikuwa fundi wa kuchonga milango. Alitoka Masasi akiwa kijana, akachonga milango ya hoteli za ufukweni na ya nyumba mpya za Mbweni, na sasa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, alikuwa na karakana yake na nyumba yake Chanika. Kwa miaka mingi aliendesha gari la viti saba lililobeba mbao, watoto, masufuria ya misiba na wanakwaya. Watoto walikuwa wamekua na kwenda kujitegemea, na gari lile lilikuwa limechoka kabisa. Akiba iliyokuwapo ilitosha gari moja. Leonardi alijua kwamba kwa umri wake hapatakuwa na jingine baada ya hilo.

Jumapili hiyo walikaa watatu kwenye viti vya plastiki, huku magari yakioshwa mbele yao.

"Mzee Leo, nisikilize mie," Farhan alisema. "Ukikaa ndani ya Mjerumani ukafunga mlango, Dar nzima inanyamaza."

"Inanyamaza kwa sababu umesinzia," Kokuberwa alisema. "Kaka Leonardi hatafuti kitanda."

"Na lako je? Mtu mzima kuingia humo mpaka ainame kama anatafuta ndara chini ya kitanda!"

"Anayejua habari za chini ya vitanda vya watu ni wewe, Farhan."

"Astaghafirullahi! Wakili, nitakushtaki."

"Utanihitaji mimi nikutetee."

Leonardi alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari la buluu. Alikuwa amewahi kuliendesha mara moja, katika barabara ya Bagamoyo, asubuhi na mapema kabla ya foleni. Alipoingiza gia ya tatu alihisi jambo alilolijua kutoka karakanani: patasi inapoufuata uzi wa mti wenyewe, mkono huwa hausukumi tena. Hakumweleza mtu yeyote. Mkewe, Anastasia, alijua tu kwamba gari linatafutwa. Hakujua kwamba mojawapo ya yale yaliyofikiriwa lilikuwa na milango miwili. Leonardi aliona aibu kulitamka hilo, kwa kuwa lilionekana kuwa ombi la kijana.

"Yalale yote mawili," alisema hatimaye. "Tuanze na la Farhan."

Alianza na asilolitaka, kama mlaji anayemaliza mchicha kwanza na kuiacha nyama kando ya sahani. Walikubaliana kwamba gari jeusi lilale kwake Ijumaa, na kwamba Farhan angelifuata Jumamosi asubuhi. Katika kupanga hayo Leonardi alisahau jambo moja. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Mtakatifu Anna, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Anastasia, ilisali kila Jumamosi asubuhi katika nyumba ya mwanajumuiya mmojawapo, na zamu ya Jumamosi hiyo ilikuwa yao.

Ijumaa jioni aliingiza gari jeusi getini. Anastasia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alilizunguka gari polepole, akagusa kioo kwa kidole, akafungua mlango wa nyuma na kukaa. Kisha akaanza kuimba wimbo wa shukrani, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie ukutani.

"Mke wangu," Leonardi alianza.

"Usiseme kitu," Anastasia alimwambia. "Najua ulitaka kunishangaza. Umenishangaza."

Aliingia ndani kumpigia simu dada yake. Baada ya dada alimpigia mtoto wao mkubwa, na baada ya mtoto akampigia katibu wa jumuiya. Leonardi alisimama uani na ufunguo mkononi. Aliamua kusema baada ya chakula. Baada ya chakula, Anastasia alikuwa akikanda unga wa maandazi ya wageni, na ndipo Leonardi alipokumbuka zamu. Aliamua kusema asubuhi.

Asubuhi wanajumuiya waliingia kabla hajamaliza kunyoa ndevu.

Walitandika mikeka pembeni ya gari kwa kuwa gari lilichukua nafasi kubwa ya ua. Masomo yalisomwa, yakatafakariwa, na maombi yakatolewa. Mwishoni Anastasia alisimama kama mwenyekiti. Alisema kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakisukuma gari lililozima njiani kuelekea misibani, na kwamba wote waliokuwapo ni mashahidi kwa mikono yao. Leo, alisema, wanashuhudia jibu. Kina mama walipiga vigelegele. Kitenge kipya kilitandazwa juu ya boneti. Katekista Albano, mzee mrefu aliyeheshimiwa kwa kutopoteza wakati wa mtu, aliomba mlango wa dereva ufunguliwe, akasali, akanyunyiza maji ya baraka kwenye usukani, kwenye viti vya ngozi na kwenye matairi yote manne.

Leonardi alipokea maji yaliyomrukia usoni bila kuyafuta.

Kilichofuata ndicho kilichomtia hofu zaidi. Chai ilipoanza kunywewa, watu walianza kulipangia gari kazi. Bibi mmoja alikuwa na kliniki ya macho. Kwaya ilikuwa na ziara Kisarawe. Mama Recho, ambaye hakuwahi kusubiri zamu ya kuzungumza, aliinua kikombe.

"Recho anaolewa mwezi ujao," alisema. "Nimehangaika na gari la bibi harusi mpaka miguu imevimba. Kumbe Mungu analileta kwa mwenyekiti wetu. Baba, si utatupa?"

"Atatupa," Anastasia alisema kabla mumewe hajajibu. "Hili ni letu sote."

Wakati huo bajaji ilisimama nje ya geti, na Farhan akashuka. Aliingia akitabasamu, akaona mikeka, watu, kitenge juu ya boneti na matone ya maji yaliyokuwa bado yakiteremka kwenye kioo cha mbele. Tabasamu lilibaki usoni, lakini miguu ilisimama.

"Karibu, shemeji Farhan!" Anastasia alimwita. Alimfahamu kama rafiki wa mumewe, ingawa hakujua anaendesha nini. "Umekuja siku njema. Njoo unywe chai, uone baraka zetu."

Farhan alimtazama Leonardi. Leonardi alitazama sahani ya maandazi. Katika muda huo mfupi mfanyabiashara alielewa hali yote, na kwa kuwa alikuwa mwungwana, alijaribu kumwokoa rafiki yake.

"Nimeziona, shemeji," alisema. "Nimefurahi sana. Mie nimekuja tu... mzee Leo aliniomba nilipeleke gereji. Oili. Gari likitoka kwa mtu, lazima ubadilishe oili."

"Leo hii?" Mama Recho aliuliza. "Hata halijakauka?"

"Oili haingoji, mama."

Njia ilikuwa imefunguka. Leonardi aliiona wazi. Angeweza kumkabidhi Farhan ufunguo mbele ya wote, gari litoke kana kwamba linakwenda gereji, kisha azue sababu wiki inayofuata: kwamba limeonekana na ubovu, au kwamba mwuzaji amebadilisha mawazo. Hakuna ambaye angejua. Lakini pia aliona kwamba njia hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtu akishalikubali gari kuwa lake mbele ya jumuiya, mchana mmoja tu wa uongo huo ungetosha kumchosha, na mwishoni angelinunua kweli ili maneno ya mkewe yasiwe uongo. Gari la buluu lingekwenda kwa mtu mwingine, na yeye angelisikia likipita.

"Litarudi lini, shemeji?" Anastasia alimwuliza Farhan. "Kesho tunalihitaji misani."

Leonardi alisimama.

"Farhan si fundi," alisema. "Hakuja kwa ajili ya oili. Gari hili ni lake. Lilikuja kulala usiku mmoja nilione, na leo amekuja kulichukua." Alimwendea rafiki yake na kumwekea ufunguo mkononi. "Limelala salama."

Mtu aliyekuwa akikoroga chai aliacha kijiko ndani ya kikombe.

"Kwa hiyo," Mama Recho alisema taratibu, "asubuhi yote hii tumembariki nani?"

Kicheko kilianzia kwa kina mama wa nyuma na kufika mbele. Hata bibi mwenye kliniki ya macho alicheka, akijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Katekista Albano peke yake hakucheka. Aliulizwa kama sala ile inaweza kurudiwa kinyumenyume, akajibu kwamba yeye hupeleka maombi tu, na hajawahi kutumwa kuyarudisha.

"Na mie sirudishi!" Farhan alisema, akiwa ameupata tena ulimi wake. "Jamani, gari limesomewa na jumuiya nzima. Hapa bei inapanda. Na wewe mama wa bibi harusi, usivimbe tena miguu. Siku hiyo Recho namwendesha mwenyewe, nitavaa na kofia."

"Utavaa na tai?"

"Na tai, mama yangu. Nyie pikeni pilau tu."

Wakamshangilia. Farhan alikunja kitenge kwa adabu, akakikabidhi kwa Anastasia kwa mikono miwili, akaondoka na gari lake. Watu waliaga mmoja mmoja, na kila aliyeaga alimwambia Anastasia jambo la kumfariji, jambo ambalo lilimwonyesha kwamba alihitaji kufarijiwa. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo. Alikusanya vikombe.

Leonardi alimfuata jikoni na kuanza kukausha vikombe alivyoosha mkewe. Hakuwa amefanya hivyo kwa muda mrefu, na alivipanga mahali pasipo pake.

"Kwa nini hukuniambia jana?" Anastasia aliuliza.

"Ulikuwa unaimba."

"Ningeacha kuimba."

"Ndiyo sababu sikusema."

Anastasia aliosha vikombe viwili.

"Mimi ni mwenyekiti," alisema. "Nimesimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda wa kitu kisicho changu. Jumamosi ijayo nitasimama tena palepale. Unafikiri nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Mumeo alinyamaza."

"Hilo wameshaliona wenyewe." Alifunga bomba. "Gari lile lina kasoro gani? Limekaa vizuri, lina nafasi."

"Halina kasoro."

"Basi?"

"Lipo jingine ninalolitaka."

"La namna gani?"

Leonardi alikausha kikombe kilichokuwa kimekauka tayari. "La milango miwili," alisema. "La wakili Kokuberwa. Lina gia za mkono na linakwenda sana. Nyuma kuna viti, lakini ni vya kuwekea mkoba."

"Umri huu?"

"Umri huu."

"Na wanakwaya watapanda wapi?"

"Hawatapanda."

"Masufuria?"

"Hayatapanda."

Anastasia aligeuka na kuegemea sinki. Katika gari la viti saba, kiti cha mbele kilikuwa cha mama mkwe wake mpaka siku mama huyo alipofariki. Baadaye kikawa cha Katekista Albano, na asipokuwapo katekista kikawa cha mgeni yeyote aliyemzidi umri. Adabu ilitaka hivyo, naye hakuwahi kulalamika. Aliifahamu njia yote ya Chanika hadi mjini kwa visogo vya watu waliokaa mbele yake.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe utakaa mbele," Leonardi alisema. "Hakuna kwingine."

Anastasia alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alianza kuvipanga upya vikombe alivyovipanga mumewe.

"Kesho baada ya misa tutakwenda kuliona," alisema. "Wote wawili. Sitaki tena kushangazwa."

Jumapili walifika Mbweni kwa usafiri wa kukodi. Kokuberwa aliwapokea getini, akamwamkia Leonardi, akampigia Anastasia goti kidogo kwa desturi ya kwao Bukoba, na hakutaja mambo ya jana ingawa Farhan alikuwa amemsimulia yote kwa simu. Gari la buluu lilikuwa kivulini. Anastasia alilizunguka kama alivyolizunguka lile jeusi, lakini safari hii hakuimba. Aliinamisha kiti cha mbele na kuchungulia nyuma. Alikirudisha kiti, akaketi, akavuta mkanda na kuufunga.

"Washa," alimwambia mumewe.

Walikwenda hadi mwisho wa lami na kurudi. Leonardi aliendesha kwa tahadhari hadi Anastasia alipomwuliza kama huku ndiko kwenda sana alikokusema. Baada ya hapo hakuendesha kwa tahadhari. Waliporudi, Anastasia alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono wa pili, na macho yake yalikuwa yametoka machozi ya upepo.

"Nimeiona barabara," alisema.

"Vizuri, mama," Kokuberwa alisema. "Sasa mnajua utaratibu wetu. Mlichukue, likalale kwenu leo, kesho nitalifuata."

"Lisilale."

"Lakini mama, sie hatujawahi kuuza gari bila kulilaza. Hata Farhan, na ujeuri wake wote, hajawahi."

"Binti yangu, nyie mnalaza gari ili mwone kama litaingia nyumbani," Anastasia alisema. "Nyumba ni yangu, na ninaijua. Hili likilala Chanika likiwa bado lako, kesho asubuhi litakuwa limeshapangiwa misiba miwili na kipaimara. Kama linauzwa, liuzwe hapa hapa."

Kokuberwa alimtazama Leonardi. Leonardi alikuwa ameshautoa mkono.

Karatasi zilisainiwa mezani kwa wakili, na jua likiwa limeanza kupungua ukali, wao walikuwa wamepita Gongo la Mboto na Pugu, wakikaribia kwao. Kwenye njia panda, mzee mrefu mwenye mfuko wa mahindi alisimama kando ya barabara na kuinua mkono. Alikuwa Katekista Albano. Mguu wa Leonardi uligusa breki wenyewe, kwa mazoea, na gari likasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," Katekista alisema, akiinama ili aone ndani.

"Milele amina," walijibu.

Katekista alitafuta mlango wa nyuma kwa macho, hakuuona, akauangalia mlango wa mbele, akangoja. Leonardi alitazama mbele ya gari. Alijua mkewe angeshuka, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na alijua pia kwamba yeye hana haki ya kumzuia.

Anastasia alifungua mkanda na kushuka. Alimwamkia mzee, akaupokea mfuko wa mahindi, akauweka kwenye buti. Halafu alirudi mlangoni, akainamisha kiti chake mbele, na nafasi nyembamba ya nyuma ikaonekana.

"Karibu nyuma, Katekista," alisema.

Albano aliangalia nafasi ile, akamwangalia mwenyekiti wa jumuiya yake. Baada ya kufikiri aliingiza mguu mmoja, kisha kichwa, kisha vyote vilivyobaki, hadi magoti yalipokaribia kidevu. Anastasia alikirudisha kiti taratibu, akakaa, akafunga mkanda.

Gari lilipoanza kwenda, sauti ilitoka nyuma yao.

"Na hili? Nalo limekuja kulala?"

"Hapana," Leonardi alisema, akaingiza gia ya pili. "Hili ni letu."